KUTOKA BUTEMBO HATA BENI: MBOGA ZA PORINI NA DAWA ILIYOMO NDANI YAKE

Mtu atokaye Butembo kwenda Beni hana safari ndefu. Kilometa hazifiki 60. Lakini katika mwendo huo mfupi nchi yabadilika machoni pake. Asubuhi huvaa koti kwa ajili ya baridi, maana mji wa Butembo u juu ya milima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Saa sita hulivua na kulitupa begani, kwa sababu Beni iko chini zaidi, karibu na msitu mkubwa na bonde la mto Semuliki. Ikweta yapita kusini kidogo ya Butembo, lakini baridi ya milimani haijali ikweta.

Sisi tulishika njia hiyo tukiwa wawili. Hatukwenda kwa biashara wala kwa arusi. Tulikwenda kutafuta majani. Pengine msomaji atacheka, nasi hatumlaumu. Lakini kwanza asikie sababu.

Katika jamaa moja tunayoifahamu, huko Butembo, bibi alipika nderema, yale majani manene yenye ute yatambaayo juu ya ua. Mjukuu wake, mwanafunzi wa shule ya sekondari, alikisukuma chungu akasema, "Bibi, hiki ni chakula cha wakimbizi." Yule bibi hakujibu neno. Alikifunika chungu akatoka nje. Nasi tulikuwapo pale, tukaona haya kwa niaba ya kijana. Ndipo tukaulizana: je, sisi wenyewe twayajua majani haya, faida yake na hatari yake? Tukaona ya kuwa twajua machache mno. Basi tukaondoka kwenda kujifunza.

SOKONI BUTEMBO

Tulianza sokoni alfajiri, saa ile wasukuma chukudu wanaposhuka na mizigo ya viazi na makaa. Wanande, au Wayira kama wengi wao wajiitavyo, ni wakulima hodari na wafanya biashara mashuhuri, na soko lao lajaa mapema. Pembeni, mbali kidogo na maduka ya vitambaa, waliketi akina mama wa vijijini wakiwa na mafungu ya majani mbele yao.

"Mama, majani haya ni ya shamba lako?" tulimwuliza mmoja aliyekuwa mzee kupita wote.

"Shamba ni langu, wanangu, lakini majani si mimi niliyeyapanda," akajibu. "Yamejiotea katika maharage. Wengine huyang'oa na kuyatupa. Mimi nayang'oa na kuyapika."

Akatuonyesha fungu moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa lengalenga, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita mchicha. Yule mama alisema kwamba ni mboga ya mtu aliyepungukiwa na damu. Hakukosea. Majani ya namna hii yana madini ya chuma, na chuma ni kitu ambacho mwili hauwezi kutengeneza damu pasipo hicho. Lakini chuma cha majani huingia mwilini kwa shida. Huingia vizuri zaidi mtu akila pamoja na mboga ile nyanya, limau, pera au tunda jingine kali. Tena majani hayo yana vitamini A, ambayo hulinda macho ya mtoto na kumsaidia kushindana na magonjwa. Nayo yahitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini. Mafuta mekundu ya mawese, yaletwayo kutoka nchi ya chini kuelekea Beni, yafaa sana, kwa kuwa yenyewe yana asili ya vitamini hiyo. Ila yasiunguzwe motoni hata yakawa meupe, maana hapo faida yake yapotea.

Fungu la pili lilikuwa nderema, ile ile iliyokataliwa na mwanafunzi wetu. Yule mama alisema huwapa wanawake wenye mimba na waliotoka kujifungua. Ute wake hulainisha choo, jambo ambalo mama mja mzito hulishukuru. Na majani yenyewe ni chakula chenye nguvu. Tukafikiri moyoni: kumbe kijana alidharau chakula kile ambacho pengine mama yake alikila alipombeba tumboni!

Fungu la tatu lilikuwa mnavu, mboga chungu kidogo. Hapo yule mama alituinulia kidole. "Hii huchemshwa kwanza, na maji ya kwanza humwagwa. Na vitunda vyake vibichi watoto wasiviguse." Maneno hayo ni ya kweli kabisa. Vitunda vya mnavu vikiwa bado vya kijani vina sumu iwezayo kumtapisha mtoto na kumwumiza vibaya. Mama yule hajui jina la sumu hiyo, lakini anajua kujihadhari nayo, kwa kuwa alifundishwa na mama yake. Hapa ndipo tulipoanza kufahamu kwamba elimu ya majani ina pande mbili, upande wa kula na upande wa kujihadhari. Mtu aliyerithi upande mmoja tu yuko katika hatari.

NJIANI MABOYA

Tulipopita Maboya mvua ilikuwa imenyesha usiku, na gari letu likazama tope. Wakati dereva na vijana wakisukuma, sisi tulitembea kando ya njia. Palikuwa na kishona-nguo tele, lile jani ambalo mbegu zake hushika nguo ya kila apitaye. Watu wa nchi nyingi za Afrika hupika machipukizi yake, na wengi huponda majani mabichi na kuyabandika juu ya jeraha dogo ili damu ikome. Wachunguzi wa maabara wameona ndani yake vitu vinavyozuia vijidudu kukua. Hata hivyo jeraha kubwa, au la msumari wenye kutu, halitoshewi na majani. Lataka kusafishwa kwa maji na sabuni, kisha sindano ya kuzuia pepopunda.

Karibu na nyumba moja tulikuta mpera uliojiotea. Majani ya mpera huchemshwa na watu wengi kwa ugonjwa wa kuhara, nayo kweli yana kitu cha kukaza tumbo. Lakini jamani, tusisahau kwamba mtoto anayehara hauawi na kuhara kwenyewe, bali huuawa na kukaukiwa na maji. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kumrudishia maji: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vijiko vya kusawazisha, anyweshwe kidogo kidogo bila kuchoka, naye aendelee kunyonya. Kama kituo cha afya kina paketi za dawa hiyo, ni bora zaidi.

Tulikuwa tukizungumza hayo mama mwenye nyumba alipotoka akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa wa miaka miwili hivi, kichwa chake kimelala begani, macho nusu wazi. Tukauliza habari zake.

"Ana homa tangu siku ya tatu," akasema yule mama. "Tulikwenda kumsalimu dada yangu Beni, tukarudi naye hivi. Nampa maji ya jani chungu asubuhi na jioni. Nangoja yafanye kazi."

Tulishika paji la uso wa mtoto. Lilikuwa moto kama jiwe la jikoni. Hatukuwa na la kufanya ila kumwambia yule mama achukue kanga yake na kupanda gari pamoja nasi. Alisita, kwa sababu hakuwa na fedha, wala mumewe hakuwapo. Mwenzetu akasema, "Mama, fedha tutaiona huko. Twende."

Katika kituo cha afya mwuguzi alimchoma mtoto kidole, akatia tone la damu katika kipimo, na kwa muda mfupi akajua: malaria. Hakumkemea yule mama. Aliuliza jambo moja tu: "Homa ilianza lini?" Aliposikia ni siku ya tatu, akatikisa kichwa akaharakisha dawa. Baadaye akatuambia kando, "Jani halikumdhuru. Kilichotaka kumwua ni zile siku tatu."

Ndugu msomaji, neno hilo tuliliandika katika daftari yetu, nasi twaomba uliandike katika yako.

JANI CHUNGU NA SOKWE WA MAHALE

Jani chungu alilotumia yule mama tulilifahamu. Wengine katika Kongo huliita kongobololo. Je, ni bure kabisa? La, si bure. Sikieni kisa hiki cha kweli.

Mwaka 1987, katika milima ya Mahale huko Tanzania, kando ya ziwa Tanganyika, mtaalamu wa wanyama Michael Huffman alikuwa porini pamoja na bwana Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa kabila la Watongwe aliyezijua dawa za kwao. Waliona sokwe jike aliyekuwa mgonjwa, mlegevu, akikata kijiti cha mti huo. Alimenya ganda, akatupa majani, akatafuna ule moyo wa ndani na kufyonza maji yake machungu. Siku iliyofuata alionekana amepata nguvu. Bwana Kalunde hakushangaa, kwani Watongwe hutumia mti huo, wauitao mjonso, kwa magonjwa ya tumbo. Baadaye wataalamu waligundua ndani yake vitu vinavyopigana na minyoo na vijidudu vingine.

Angalieni jinsi mnyama yule alivyotenda. Hakula kila kitu. Alichagua sehemu na kuacha nyingine, kwa kuwa ganda na majani mabichi ya mti huo yana vitu vikali vya kudhuru. Binadamu wanaoyala majani yake huyafikicha na kuyaosha mara nyingi hata uchungu upungue. Basi dawa yataka kujua mti, sehemu ya mti, kiasi, na ugonjwa wenyewe. Jani liwezalo kusumbua minyoo ya tumbo si lazima limtoe mtoto katika malaria.

Hata kwinini ilipita katika njia hiyo. Katika milima ya Butembo na Lubero wako wakulima wanaopanda mti wa kwinini, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 Mapadri Wajesuiti waliyaleta maganda yake Ulaya, yakaponya wengi waliokuwa na homa. Lakini ganda moja lilikuwa kali na jingine hafifu, na mganga alipima kwa kukisia tu. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitoa kwinini yenyewe katika ganda, na tangu hapo yaliwezekana kuipima. Mti ni ule ule, lakini kipimo ndicho kilichotenganisha dawa na bahati.

UKINGONI MWA MSITU

Kutoka Kabasha njia yashuka, hewa yapata joto, na michikichi na mikakao yaonekana. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliye Beni aweza kuona upande wa mashariki milima ya Ruwenzori na theluji yake.

Hatukuingia msituni, wala hatumshauri mtu kuingia. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wameuawa kwa mapanga na risasi, usiku na mchana, na wengi walioponea wamekimbilia mijini wakiacha mashamba na pori. Tuliketi pembezoni mwa mji pamoja na mzee mmoja aliyekuwa mwindaji zamani, akatusimulia msitu kama mtu anayesimulia nyumba yake iliyofungwa.

Alitaja matungulu, yale matunda mekundu yaotayo karibu na ardhi chini ya majani marefu, yenye nyama chachu na mbegu za harufu kali. Wawindaji huyala ili kukata kiu na kuamsha hamu ya chakula. Alitaja mti mrefu ambao Waganda huuita muwafu; matunda yake meusi hulainishwa katika maji ya moto na kuliwa, na utomvu wake ukichomwa hunukia kama ubani. Kisha akataja viazi vikuu vya porini, na hapo uso wake ukabadilika.

"Wakimbizi wengine ni watu wa milimani," akasema. "Njaa ikiwashika huchimba kiazi chochote. Sisi tulikuwa tukikikata vipande, tukakilaza katika maji ya mto siku kadhaa, tukakipika tena. Mgeni hukichoma na kukila papo hapo."

Ni kweli kwamba baadhi ya viazi hivyo vina sumu isiyotoka ila kwa kulowekwa na kuchemshwa. Basi mzee alisikitika kwa mambo mawili: watoto wanaokulia mjini hawatajua tena matunda ya msitu, na wageni wanaokula bila kujua waweza kudhurika. Vita havichukui watu na ng'ombe tu. Huchukua hata ujuzi, kwa kuwa mjukuu hawezi kujifunza mti asioruhusiwa kuukaribia.

SOMO LA BENI

Hatuwezi kuandika habari za dawa katika mji huu bila kukumbuka Ebola. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umeingia Kivu ya Kaskazini, na Mangina, magharibi ya Beni, ndiko ulikoonekana kwanza. Ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa, katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Beni na Butembo zililia sana.

Katika miezi ya mwisho ya 2018 iligunduliwa kwamba watoto wengi wa Beni waliambukizwa katika vile vituo vidogo ambavyo waganga huchanganya dawa za majani na za kizungu. Mama alimpeleka mtoto mwenye malaria ya kawaida. Mtoto akalazwa karibu na mgonjwa wa Ebola, au akaguswa kwa vyombo visivyosafishwa. Majani hayakuleta Ebola. Lakini mikono isiyonawiwa, sindano iliyotumika mara mbili na mgonjwa aliyefichwa ndivyo vilivyoipeleka mbele. Hakuna jani lililojulikana kuponya Ebola. Zilizosaidia ni chanjo, kuwatenga wagonjwa, maziko ya uangalifu, na dawa zilizojaribiwa huko huko kwetu. Mojawapo ilitokana na damu ya Mkongo aliyeponea Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Yaani mtu wa nchi hii mwenyewe aliibeba dawa mwilini mwake, na elimu ikaitoa.

MASHAURI MACHACHE

Kutokana na yale tuliyoyaona twapenda kuwapa wasomaji mashauri haya.

Kwanza, mboga za porini zirudishwe mezani bila haya. Lengalenga, nderema na mnavu si alama ya umaskini, ila ni utajiri ulioota bila jembe. Zichumwe mbali na choo, jalala na shamba lililonyunyiziwa dawa ya wadudu, zioshwe vizuri, zipikwe.

Pili, mtu asile wala asimpe mwingine jani, kiazi au uyoga asioujua kwa hakika. Kufanana si kuwa kitu kimoja.

Tatu, mtoto mchanga na mama mja mzito wasipewe dawa kali za majani. Na ile desturi ya kumwingizia mtoto maji ya majani kwa njia ya haja kubwa iachwe kabisa. Imeharibu figo za watoto na kuwaua.

Nne, homa ya mtoto haingoji kesho. Apelekwe kupimwa siku ile ile, na aliyempa majani aseme wazi amempa nini. Asifiche kwa hofu ya kukemewa, na mwuguzi naye asikemee.

Tano, mti wa dawa usiuawe. Katika milima hii mlikuwa na miti mingi ya ule ambao Wakikuyu huuita muiri, na ganda lake hununuliwa na watengenezaji wa dawa za Ulaya kwa ugonjwa wa tezi ya wanaume wazee. Tangu 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi iko chini ya sheria ya mataifa, kwa sababu watu waliichuna miti pande zote hata ikakauka. Achunaye ganda kuzunguka mti wote amekata mti bila shoka. Penye miti hapana wajenzi, wasema wahenga. Tusingoje miti itoweke ndipo tujifunze kujenga.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chafundisha kwamba Mungu ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi, na sura hiyo hiyo yatuagiza kumheshimu mganga. Mafundisho hayo mawili yakae pamoja.

TULIVYORUDI

Siku ya nne tulirudi kwa njia ile ile. Maboya tulisimamisha gari. Mtoto yule alikuwa ameketi mlangoni akila kiazi kitamu, uso umejaa unga wake. Mama yake alitushukuru, kisha akatuletea fungu la mboga za porini limefungwa kwa jani la mgomba. Tulilipokea kwa mikono miwili.

Fungu hilo tulilipeleka Butembo kwa yule bibi. Akalifungua, akacheka, akaanza kuyataja majani moja moja kwa Kinande, hili la kula, hili la kuchemsha mara mbili, hili la kutupa maana limeingia kwa bahati mbaya. Mjukuu wake alikuwa mezani akifanya kazi ya shule. Tulimwambia habari za mtoto wa Maboya na maneno ya mwuguzi. Alisikiliza bila kusema kitu. Baada ya kitambo alichana ukurasa katikati ya daftari, akasogeza kiti karibu na bibi yake, akauliza:

"Bibi, lile la mwisho uliliitaje?"